Ukuta wa Kilomita Kumi

Huu uzi ni mrefu. Kama uko kwa matatu, uhifadhi usome ukifika.

Kila mjadala wa runinga ukigusa usalama, lazima mtu mmoja aseme, "Tujenge ukuta kati yetu na Somalia." Mwingine anadakia, "Wale ni ndugu zetu, fungueni mpaka." Wote wawili wanapigiwa makofi, mwendeshaji anaenda kwa matangazo, na sisi huku mtandaoni tunaendelea kutukanana hadi saa nane usiku. Swali ambalo huwa haliulizwi ni dogo tu: mpaka wenyewe umefungwa na nani, lini, na kwa nani? Muulize mgombea wako hilo uone vile atazunguka.

Sitataja mwanasiasa wala chama, mnajua kawaida yangu. Na kwa mada hii hata ningetaka kutaja, ningelazimika kuwataja karibu wote. Serikali zimekuja na kwenda, upinzani umegeuka serikali na serikali ikageuka upinzani, na kila mmoja wao amewahi kuwa mtu wa ukuta na mtu wa lango. Wengine ndani ya mwaka mmoja.

Tuanze na mstari wenyewe, kwa sababu watu wengi wanaongea kana kwamba Mungu aliuchora siku ya tatu ya uumbaji.

Kismayu ilikuwa kwetu. Naona mtu ameshaanza kuandika "leta ushahidi," tulia kwanza. Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki mwaka 1895, Jubaland ilikuwa ndani yake, na mpaka ulikuwa mto Juba. Ukitoka Nairobi ukielekea mashariki, ulikuwa hujatoka kwa himaya mpaka uone maji ya huo mto. Halafu vikaja vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1915 Italia iliingia upande wa Uingereza na Ufaransa kwa mkataba wa siri uliotiwa saini London, na mojawapo ya ahadi ilikuwa kwamba hao wawili wakijiongezea makoloni ya Mjerumani, Mwitaliano naye atatafutiwa kitu. Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza. Mwitaliano akadai chake, na kitu alichotafutiwa kikawa Jubaland. Mkataba ukasainiwa mwaka 1924, ardhi ikakabidhiwa 1925, pamoja na Kismayu, watu wake, ngamia wao na visima vyao. Hakuna mchungaji aliyeulizwa.

Mpaka ukasogea kutoka kwenye mto, kitu ambacho hata mbuzi anakiona, ukaenda kwenye mstari unaoanzia Mandera, unapita El Wak na Liboi, unaishia baharini Ras Kamboni, jirani ya Kiunga. Sehemu kubwa ni rula tu. Tume ya mpaka ilizunguka huko 1925 hadi 1927 ikisimamisha alama kwenye vichaka. Mtu ambaye babake alichotea maji kisima kimoja miaka yote akajikuta kisima kiko Italia na yeye yuko Uingereza, na hajasonga hata hatua.

Sasa hapa ndipo historia yetu inapoanza kuwa na utani mbaya. Huo mpaka wa nje, wa Mwitaliano, haukuwa mgumu sana kuvuka. Mpaka mgumu ulikuwa wa ndani.

Tangu 1902 kulikuwa na sheria ya wilaya za pembezoni iliyomruhusu mkoloni kufunga eneo lolote, asiingie mtu asiye mkazi bila kibali. Mwaka 1926 wilaya yote ya mpaka wa kaskazini, NFD kwa wazee wetu, ikatangazwa eneo lililofungwa. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine iliyowapa wakuu wa mkoa na wilaya nguvu ya kukamata, kuhamisha na kuadhibu watu kwa makundi. Ndani ya NFD yenyewe wakachora tena mstari mwingine, wa kuwatenga Wasomali na Waborana na jamaa zao, na ngamia wakikutwa upande usio wao walikamatwa. Yaani ukiwa Wajir ulihitaji karatasi kuja Nairobi, na ukiwa Nairobi ulihitaji karatasi kwenda Wajir. Barabara, shule, hospitali, hivyo vyote vilibaki upande wa kusini wa ile karatasi.

Kwa hivyo mtu akisema "kaskazini kumesahaulika tangu uhuru," mwambie aongeze miaka mingine 40 nyuma. Hapakusahaulika. Palifungwa kwa sheria, kwa makusudi.

Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, Uingereza ilituma tume kuuliza watu wa NFD wanataka nini. Jibu lilirudi wazi: wengi walitaka kujiunga na Somalia, iliyokuwa imepata uhuru 1960. Waingereza wakalisoma hilo jibu, kisha Machi 1963 wakaamua eneo litabaki Kenya kama jimbo la saba. Somalia ikavunja uhusiano na London. Uchaguzi wa Mei ukasusiwa na watu wengi wa huko. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 28 Desemba, hata keki ya uhuru haijaisha, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Vita tulivyoitwa kuviita vya Shifta vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha, Oktoba 1967. Katikati ya vita, 1966, serikali ikaanza kukusanya wafugaji kwenye vijiji vya kulindwa.

Kama wewe ni mtu wa Murang'a, Nyeri au Kiambu, simama hapo kidogo. Vijiji vya kulindwa? Si ni ile ile? Miaka ya hamsini Mwingereza alizingira zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya kwenye vijiji vyenye seng'enge, akawalazimisha kuchimba mtaro wa maili kama 50 kando ya msitu wa mlima ili Mau Mau wasishuke kuchukua chakula. Nyanya zetu walichimba ule mtaro kwa jembe na karai. Haikupita hata miaka kumi na tano, serikali yetu wenyewe ikachukua kitabu kile kile ikakitumia Garissa. Sijawahi kusikia mjadala mmoja wa runinga ukiligusa hilo.

Na hali ya hatari ile ya Desemba 1963 iliondolewa lini? Mwaka 1991. Hesabu mwenyewe. Katikati hapo kuna Bulla Kartasi mjini Garissa, Novemba 1980. Kuna uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984, ambapo serikali ilikiri watu 57 kufa, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya 2013 ikasema huenda walikaribia 1,000. Kuna 1989, Wakenya Wasomali walipoamrishwa wote kupigwa msasa na kupewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Mkenya mwingine yeyote alihitaji kadi moja.

Mimi naandika haya nikiwa Ngara, na kuna mtu aliniuliza juzi kwenye kinyozi hapa karibu na Park Road: "Sasa wewe mtu wa Ngara, mambo ya Mandera yanakuhusu nini?"

Nikamwambia hebu tuangalie hii nyumba tunayonyolewa. Angalia zile nguzo, angalia ua wa ndani, angalia mwaka uliochongwa juu ya mlango wa jirani. Ngara hii ilijengwa kama mtaa wa Wahindi. Mkoloni aligawa Nairobi kwa rangi: Mzungu juu kwenye miti na hewa, Mwafrika mashariki kwenye tope, Mhindi katikati, yaani Ngara, Pangani, Parklands. Huo pia ni mpaka, tena wa sheria za ardhi na hati za nyumba, na mpaka leo ukipanda matatu kutoka Globe kwenda Westlands unauvuka bila kujua.

Baada ya uhuru, wakazi wengi wa hizi nyumba walikuwa na uamuzi wa kufanya. Walipewa miaka miwili kuomba uraia wa Kenya. Wengine waliomba, wengine maombi yalikwama ofisini, wengine walibaki na pasipoti za Uingereza. Si za bandia, za Uingereza kabisa, zenye nembo ya malkia. Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria mpya ya uhamiaji na ya leseni za biashara, asiye raia akahitaji kibali cha kazi na cha duka. Watu wakaanza kufunga maduka na kutafuta ndege. Na London ilifanya nini ilipoona wenye pasipoti zake wanakuja? Ilipitisha sheria kwa siku tatu. Siku tatu! Kufikia tarehe 1 Machi 1968 pasipoti ile haikutosha tena kukuingiza Uingereza, isipokuwa uonyeshe mzazi au babu aliyezaliwa kule au aliyepata uraia kule. Kwa maneno mengine, Mzungu wa Karen anapita, Mhindi wa Ngara anabaki kwenye foleni, na wote wawili wameshika kitabu kile kile. Kuna familia zilizungushwa angani kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine, kila nchi ikisema si wetu. Baadaye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali kwamba sheria ile iliwabagua kwa rangi na kuwadhalilisha.

Kinyozi alizima mashine. Hakuwa amewahi kusikia hiyo.

Ndiyo maana mambo ya Mandera yananihusu. Nimekaa kwenye mtaa ambao watu wake walifungiwa mpaka na nchi iliyowaandikia pasipoti. Kwa hivyo mtu akiniambia "mwenye karatasi halali hana cha kuogopa," huwa nacheka kidogo.

Sasa tuje kwa ukuta.

Na nianze na upande wa wanaoutaka, kwa sababu huku mtandaoni wanadharauliwa bure. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia. Kuanzia hapo tulizika watu. Westgate, Septemba 2013, watu 67. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera likielekea Nairobi lilisimamishwa alfajiri, abiria wakatenganishwa kwa dini, 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Siku kumi baadaye, wachimba mawe 36 waliuawa kwenye machimbo karibu na Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Mzazi aliyesubiri mwili Chiromo, umbali wa kutembea kutoka hapa Ngara, ukimwambia "ukuta hausaidii" atakuuliza wewe basi unasaidia na nini. Walimu wasio wa huko walikataa kurudi, na ni haki yao. Shule zikabaki na mwalimu mmoja au wawili, na watoto wa Mandera, ambao hawakuua mtu, ndio waliolipa.

Kwa hivyo mapema 2015 serikali ilipotangaza ukuta kutoka Mandera hadi Kiunga, karibu kilomita 700, haikuwa wazimu. Watu walikuwa wanataka kitu kinachoonekana kwa macho. Hata Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya uzio wake mpakani na Mexico mwaka 2006, na wao walitaka maili 700.

Lakini hebu fuatilia ule ukuta ulienda wapi.

Kwanza ulikuwa ukuta wa zege. Kisha ukawa uzio: nguzo za zege, waya wa kusuka, seng'enge juu, mtaro kando, na barabara ya doria. Ulianzia Mandera, mahali ambapo mji wetu na Bula Hawa ya Somalia zimekaribiana hivi kwamba muezini wa huku anasikika kule. Watu wa Bula Hawa wakalalamika kuwa uzio unakula ardhi yao, pakawa na mvutano, na Machi 2018 serikali mbili zikakubaliana ujenzi usimame. Mwaka 2019 wabunge wetu wakaambiwa hesabu: kilomita 10 zimejengwa, shilingi bilioni 3.4 zimetumika.

Chukua simu upige hesabu na mimi. Bilioni 3.4 gawanya kwa 10 ni milioni 340 kwa kilomita moja ya waya. Zidisha kwa 700. Ni bilioni 238. Hiyo ni bila kurekebisha mahali panapokatwa, bila mafuta ya gari la doria, bila mishahara. Wale wabunge walishtuka, magazeti yakaandika kwamba wameshtuka, na baada ya kushtuka tukaendelea na maisha.

Uzio wa kilomita 10 kwenye mpaka wa karibu 700 ni nini? Ni mlango bila nyumba. Nazungumza na mafundi wengi hapa Ngara, na hata yule wa kuweka kioo cha simu anajua huwezi kufunika kona moja ya skrini ukasema umeilinda.

Na kuna jambo zito zaidi ya pesa. Mmoja wa waliovamia Garissa alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Januari 2019, pale Riverside, DusitD2, ambapo watu 21 waliuawa, mmoja wa washambuliaji alikuwa amekulia Nyeri. Hawa mpaka haukuwahusu. Walikuwa ndani tayari, wana vitambulisho, wanasema "niaje" kama mimi na wewe. Ukuta mrefu kiasi gani ungewazuia? Upande wa pili, Desemba 2015, basi lingine liliposimamishwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Hao pia walikuwa watu wa mpakani. Kwenye mijadala ya ukuta sijasikia mtu akiwataja.

Sasa turudi kwa swali letu la mwanzo: mpaka umefungwa kwa nani?

Januari 2007 Kenya ilitangaza kufunga mpaka na Somalia. Rasmi kabisa. Kituo cha kupokea wakimbizi pale Liboi kikafungwa pia. Kambi za Dadaab zilikuwa zimejengwa mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011, miaka minne baada ya mpaka "kufungwa," zilikuwa zinakaribia watu nusu milioni. Wote hao walipita wapi? Walipita pale pale, kwa miguu, ila sasa hapakuwa na mtu wa kuwapima magonjwa, kuwaandika majina wala kuwakagua kama wana silaha, maana kituo kilikuwa kimefungwa ili kulinda usalama. Mimi hapo huwa nasoma mara mbili kuhakikisha nimeelewa.

Mwaka 2013 tukasaini makubaliano na Somalia na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, kwamba watu warudi kwa hiari. Mwaka 2016 serikali ikasema Dadaab inafungwa, hiari au si hiari. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hilo linavunja katiba. Machi 2021 ikatolewa tena siku 14 za kuleta mpango wa kufunga kambi. Novemba mwaka huo huo, 2021, ikapitishwa sheria mpya ya wakimbizi inayozungumzia kuwaingiza kwenye uchumi wetu. Mwaka mmoja, serikali moja.

Watu wakibanwa, biashara haikubanwa. Mama wa Mandera anajua bei ya sukari na pasta kutoka upande wa pili kuliko waziri yeyote. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa Somalia Februari 2012, na ripoti za wachunguzi wake wenyewe zikasema mkaa uliendelea kutoka Kismayu baada ya majeshi yetu kuingia mji huo. Mwaka 2015 shirika moja la wanahabari hapa Nairobi likalitaja jeshi katika biashara ya sukari na mkaa, jeshi likakanusha. Mimi sikuwepo bandarini. Ninachojua ni kwamba sukari ile haikuruka uzio, ilikuja kwa lori, na lori linahitaji barabara, na barabara ina vizuizi vya polisi, na kila kizuizi kina mtu amesimama.

Halafu angalia juu. Wakati mchungaji haruhusiwi kuvuka Liboi, ndege za miraa zilikuwa zinatoka Wilson kila siku kwenda Mogadishu. Aliyesimamisha hilo si sisi, ni Somalia, Machi 2020, na ikaruhusu tena Julai 2022. Ndege za abiria kutoka Mogadishu nazo: kuna miaka zililazimika kutua Wajir abiria wakaguliwe, kisha zikaruhusiwa kuja moja kwa moja, kisha Mei 2019 zikarudishwa Wajir tena. Mkulima wa Meru hakuweza kupanga hata mwezi mmoja mbele, na huyo hajawahi kuona mpaka wa Somalia kwa macho yake.

Kuna wanaosema kufunga mpaka ndiyo kawaida ya nchi yoyote makini. Sawa. Tumefungiwa sisi pia. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika kwa ugomvi wa shirika la ndege na mali nyingine, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, magari ya watalii yakazuiliwa upande wa pili. Ulifunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka saba. Waulize wazee wa Namanga, Taveta na Lunga Lunga kama watu waliacha kuoana, au kama ng'ombe waliacha kuvuka. Tofauti ilikuwa kwamba kila kilichovuka kiliitwa magendo, na aliyefaidika ni yule mwenye nguvu za kukamata. Leo Namanga kuna kituo cha pamoja, unagongewa muhuri mara mbili chini ya paa moja. Busia hivyo hivyo. Moyale pia. Mipaka hiyo haijaacha kuwa mipaka, ushuru unalipwa, wahalifu wanakamatwa, na hakuna mtu anasimama kwenye mjadala kuomba ukuta wa Busia.

Mei 2023, mawaziri wa Kenya na Somalia wakakutana Nairobi wakatangaza ratiba: Mandera itafunguliwa ndani ya siku 30, Liboi siku 60, Kiunga siku 90. Watu wa Mandera wakashangilia. Kisha mashambulizi yakaongezeka, askari na raia wakauawa Garissa, Mandera na Lamu, na Julai serikali ikasema ufunguzi umeahirishwa. Novemba 2023, miezi michache tu baadaye, wakuu wa nchi wakaikubali Somalia kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 2010 ina itifaki ya soko la pamoja, watu na bidhaa kutembea kwa uhuru. Machi 2024 uanachama ukakamilika. Yaani kwenye makaratasi ya Arusha Msomali wa Bula Hawa ni mwenzetu wa soko moja, na akisimama Bula Hawa anatazamana na uzio wa milioni 340 kwa kilomita. Kisha mwaka 2025 Kenya ikaondolea karibu Waafrika wote kile kibali cha mtandaoni cha kuingia nchini. Karibu wote. Walioachwa nje ni Libya na Somalia. Usalama, wakasema. Inawezekana. Lakini basi mtuambie, ni wenzetu wa soko moja au si wenzetu?

Nimalizie na ile kuta ambayo haina waya, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na sisi hapa mjini.

Aprili 2014, baada ya milipuko Eastleigh, ilifanywa operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wakapelekwa uwanja wa Kasarani na kwenye vituo vya polisi, Pangani kikiwemo, ambacho ukitoka Ngara ni kuvuka barabara kuu tu. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kuhusu seli zilizojaa hadi watu wakasimama usiku kucha, na kuhusu watu wenye vitambulisho vya Kenya waliokuwa humo pamoja na wasio navyo. Mpaka ulikuwa umehama kutoka Liboi ukaja kukaa Pangani. Alama yake haikuwa nguzo ya zege. Ilikuwa sura ya mtu na jina lake.

Na hata bila operesheni, kijana wa Garissa akitimiza miaka 18 alikuwa anasimama mbele ya kamati ya wazee na maafisa kupigwa msasa ndipo apate kitambulisho, wakati kijana wa Ngara anakwenda Huduma Centre na cheti cha kuzaliwa. Kuna Wakenya ambao wazazi wao waliwaandikisha Dadaab wakiwa wadogo kwa sababu ya njaa, wapate unga na shule, na walipokua alama za vidole zikasema wao ni wakimbizi. Maelfu yao. Wakakosa kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna laini ya simu, hakuna kazi, hakuna kura. Februari 2025 serikali ikatangaza kuwa msasa huo wa kaunti za mpakani umekwisha. Kabla wino haujakauka, mjadala ukalipuka: kuna waliosema ni haki iliyochelewa miaka 60, kuna waliosema ni njia ya kuwapa wageni kura. Mnaujua huo mjadala, mlikuwepo, baadhi yenu mlinitukana.

Kwa wale wa upande wa pili wa huo mjadala nasema hivi, na si kwa kejeli: hofu ya kitambulisho kuuzwa ni ya kweli, kimeuzwa na kitauzwa. Lakini anayekiuza yuko ofisini, ana meza na muhuri. Yule wa kupigwa msasa alikuwa kwenye foleni nje.

Kuna walioandika chini huko wakiuliza kuhusu mpaka wa baharini, ile kesi ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoamuliwa tarehe 12 Oktoba 2021, samaki na mafuta. Hiyo inataka uzi wake, na ramani. Nitaiandika wikendi nikipata stima.